Chupa Kumi na Moja za Ghuba ya Nyamirongo

Jamani, nimechoka kuisimulia safari hii kipande kipande. Mmoja ananishika mkono sokoni, mwingine ananisimamisha nje ya kanisa, na kila mmoja anataka kile kipande cha wapiga makasia tu. Mkishacheka mnakwenda zenu, na kilichobaki nabaki nacho mwenyewe kifuani. Basi leo nimekaa niandike yote, msome, na msiniulize tena.

Kwa wasioijua kazi yangu: mwaka ule wa mwisho kabla ya Uhuru nilikuwa karani katika ofisi moja ya mambo ya samaki hapa Mwanza. Bwana Mkubwa wetu, Mzungu mrefu aliyejifunza Kiswahili chuoni na kukisema polepole, alitaka kujua mayai ya samaki na vifaranga wake wanakaa wapi ziwani. Usifikiri samaki wa kuliwa. Namaanisha wale waliototolewa juzi, urefu wa kipande cha uzi, mwili wote kama maji, unachoona ni macho mawili meusi tu. Alikuwa ameambiwa kwamba ghuba ya Nyamirongo, ng'ambo ya Busisi, ni mahali wanapokulia, na kwamba makokoro yanayovutwa pale yanawamaliza. Kokoro mnalijua: wavu mrefu unaozungushwa na mtumbwi, kisha watu wanauvuta kutoka ufukoni na kuzoa kila kilichomo.

"Nenda ghubani," akaniambia. "Utavuta wavu huu mara kumi, na kila mara utajaza chupa moja. Vifaranga wakionekana katika chupa zaidi ya tano, tutapiga marufuku makokoro pale. Wasipoonekana, tutawaacha watu na kazi yao."

Nikaitikia, ndiyo bwana. Sikumwambia kwamba mwenye kokoro kubwa kuliko yote Nyamirongo ni shangazi yangu Kabula, dada wa baba yangu. Ni mjane. Lile kokoro aliachiwa na mumewe, na ndilo linalomlisha yeye pamoja na wajukuu watano waliolundikana kwake. Niliogopa Bwana Mkubwa akijua atamtuma mwingine, na huyo mwingine hatajali. Nikajisemea, afadhali niende mwenyewe. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Mwanza hadi Kigongo

Nilipanda lori lililokuwa likienda kuchukua pamba. Nilikuwa na sanduku la mbao lenye chupa kumi na mbili za mdomo mpana, kibuyu cha dawa ya kuzuia vitu visioze, na ule wavu wenyewe, wa kitambaa laini, umeshonwa kama soksi ya jitu. Sanduku nililipakata. Kila lori liliporuka, moyo wangu uliruka nalo.

"Kuna nini humo?" dereva akauliza.

"Chupa tupu."

"Unakwenda kuleta nini?"

"Maji."

Akacheka mpaka usukani ukamponyoka. "Lo! Maji ya Mwanza yamekukosea nini?"

Dereva yule alikuwa na ndugu kila penye nyumba tatu. Alisimama Nyegezi kusalimia, akasimama tena mbele kusalimia, na Usagara akaingia ndani kabisa kula. Mimi sijaumbwa kungoja. Nilishuka, nikalizunguka lori, nikapanda, nikashuka tena. Mama mmoja aliyekaa juu ya magunia alikuwa amekwisha kuutoa wavu wangu mfukoni na kuupima kwa vidole.

"Baba, hiki kitambaa kingechuja uji wa mtoto vizuri sana."

"Mama, ni mali ya serikali."

"Serikali inachuja nini?"

Niliuchukua wavu wangu, nikaukunja. Tulipoondoka dereva aliongeza mwendo kufidia, tukaingia shimo, nikasikia kitu kikilia sandukuni. Chupa moja ilikuwa imevunjika. Zikabaki kumi na moja. Nikashukuru kwamba nilizihitaji kumi tu.

Kigongo hadi Busisi

Pantoni haikuwapo. Ilikuwa upande wa pili, na haikuthubutu kuvuka kwa sababu upepo wa kusini ulikuwa umeshika tangu alfajiri, unalipuliza ziwa lote kuelekea kaskazini. Mawimbi yalikuwa meupe. Watu walikaa chini ya vibanda wakala viazi vitamu kwa dagaa wa kukaanga, wakazungumza habari za Madaraka na nani atapata kazi gani Wazungu wakiondoka. Wametulia! Mimi nilikuwa nakwenda hadi majini na kurudi, hadi majini na kurudi, mpaka mzee mmoja akaniambia nitawachosha wenzangu kwa kunitazama tu.

Mzee huyohuyo aliona chupa zangu, akasogea, akafunua shati. "Daktari, nitazame hapa. Nakojoa damu."

"Shikamoo mzee. Mimi si daktari. Mimi ni wa samaki."

"Marahaba. Kwani samaki nao wanaumwa?"

"Hawaumwi. Tunataka kujua wanazaliwa wapi."

Akanitazama kwa huruma nyingi. "Wanazaliwa majini, mwanangu," akasema, kisha akarudi kwenye viazi vyake.

Upepo ulipopungua kidogo tulivuka, saa kumi alasiri, tukiwa tumelowa hadi kiunoni. Nilifika Busisi nimelishikilia sanduku mpaka mikono imekufa ganzi.

Busisi hadi Nyamirongo

Kutoka pale nilisafiri kwa baiskeli ya mtu mmoja aitwaye Bahati, yeye akiendesha, sanduku likiwa nyuma, na mimi nikitembea pembeni nimelishika lisianguke. Yaani baiskeli ilikodiwa na sanduku. Mchangani tuliisukuma wote wawili. Njiani tulipewa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, tukala tumesimama. Bahati alitaka tukae. Nilikataa, akaninunia hadi tulipofika.

Shangazi aliniona kwa mbali akaanza kulia na kucheka pamoja. Sikuwa nimefika kwake tangu msiba wa mumewe. Aliniletea ugali wa muhogo na sato aliyechemshwa, mzima, kichwa kimeelekezwa kwangu, akakaa mbele yangu kuhakikisha nakula.

"Umekonda. Wanakutuma nini huku hao wakubwa wako?"

Hapo ndipo ningesema. Shangazi, nimetumwa kuona kama kokoro lako lifungwe au liachwe. Maneno machache tu. Lakini alikuwa amefurahi mno, na wajukuu walikuwa wamenizunguka, na sato alikuwa mtamu. Nikasema, "Nimetumwa kutafuta watoto wa samaki, shangazi. Nijaze chupa hizi."

"Haya, Mungu akujalie uzijaze," akasema. Hilo lilikuwa kosa la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza.

Siku nne ghubani

Sasa haya ndiyo mnayoyapenda. Shangazi alinipa mtumbwi na vijana sita, mkubwa wao Masatu, Mkerewe mwenye mabega kama mlango. Niliwaeleza kwa makini: wavu huu unavutwa polepole, mwendo wa mtu anayetembea na mgonjwa, vinginevyo maji hayapiti ndani yake, yanausukuma tu na vifaranga wanatupwa pembeni. Wakaitikia wote. Tukaingia majini.

Ufukoni wanawake walikuwa wanaosha vyombo, na wazee wawili walikuwa wanatengeneza nyavu. Masatu akawaona. Akaanza wimbo. Mungu wangu! Wale vijana walipiga makasia kana kwamba tunafukuzwa. Wavu ulitoka majini ukaruka juu ya mawimbi, kamba ikanichuna viganja, nami napiga kelele, "Polepole! Polepole!" na wanawake wanapiga vigelegele. Nilipouvuta ndani, nilikuta jani moja la tete.

"Masatu, nilisema nini?"

"Ulisema polepole, bwana. Tumesikia."

"Sasa?"

Akainama. "Tumebeba mgeni wa serikali, mbele ya watu. Tukienda mwendo wa maiti watasema vijana wa mama Kabula hawana nguvu. Nani atatuoza?"

Tulirudia mara ya pili, yakawa yaleyale. Mara ya tatu nilitupa kofia majini kwa hasira, ikabidi tuifuate. Mwishowe Masatu mwenyewe ndiye aliyepata dawa. Alisimama mtumbwini akawapazia sauti watu wa ufukoni, "Tunakwenda taratibu kwa sababu mgeni anatapika!" Tangu hapo tulivuta vizuri kabisa, na kila tulipopita, wanawake waliniitia kwa pamoja, "Poleee!" Siku nne nzima. Mjukuu mdogo wa shangazi akaniletea ndimu ya kulamba.

Basi, ndicho kipande chenu hicho. Sasa sikilizeni kinachofuata.

Chupa ya kwanza ilitoka na maji na matope kidogo. Ya pili vilevile. Ya tatu nilipata vifaranga wanne, nikaruka kidogo mtumbwini. Ya nne maji, ya tano maji. Upepo wa kusini haukukoma. Nilianza kuamka nikitega sikio kama bado unavuma, nikiusikia nafurahi, kisha naona haya kwa kufurahi. Kila chupa niliitia matone ya dawa, nikaifunga, nikaandika daftarini: *hakuna*.

"Utahangaika bure," Masatu akaniambia siku ya tatu. "Tia mguu majini."

Nikatia. Yalikuwa baridi ya kuuma.

"Hayo yametoka chini. Upepo huu ukishika, maji ya juu yote yanatoka ghubani yanakwenda kule," akaelekeza kaskazini, kwao Ukerewe, "na ule utando wa kijani unaoelea juu yake unakwenda nayo, na hao wadogo wako wasioweza kuogelea wanakwenda nayo. Hawana la kufanya, maji yakihama wanahama. Upepo ukifa, au ukigeuka wakati wa mvua, yanarudi. Lakini huwezi kujua yatarudi na watoto wa nani. Pengine wamezaliwa kisiwani Ukara, wakaja kukulia hapa."

"Kwa hiyo ghuba hii si mahali pa vifaranga?"

"Leo si mahali. Mwezi mwingine ni mahali."

Niliandika maneno yake yote. Yalikuwa na akili kuliko kila nilichokuwa nimesoma ofisini. Na moyoni nilifurahi vibaya, kwa sababu Bwana Mkubwa hakuniuliza habari za mwezi mwingine. Nilimaliza na chupa mbili zenye vifaranga na nane za maji. Ile ya kumi na moja sikuitumia, ilibaki kavu. Kokoro la shangazi lilikuwa limepona.

Jioni shangazi alizitazama chupa zilizopangwa ukutani, moja moja. Uso ukamshuka.

"Hizi ni maji matupu."

"Ndiyo, shangazi. Ndivyo ilivyotokea."

"Siku nne, na vijana sita, unarudi na maji? Watakusemaje huko?"

"Watasema ndivyo ilivyo." Nilikuwa natabasamu, nadhani. Aliona tabasamu langu akafikiri najikaza kiume. Akaniwekea mkono kichwani kama nilipokuwa mdogo, akaniambia nisihuzunike, nikale.

Kurudi

Asubuhi niliamka na wasiwasi wa kuikosa pantoni. Shangazi alikuwa ameshakwenda ufukoni na kurudi, kanga yake imelowa. Nilipotoka kuoga nilikuta sanduku limekwisha kufungwa kwa kamba ya katani, mafundo mazuri, limewekwa kwenye baiskeli ya Bahati, na juu yake kapu la samaki wa kukausha.

"Nimekufungia kila kitu," shangazi akasema. "Nenda, usichelewe."

Mimi ambaye mlango naufunga mara mbili na kurudi kuusukuma, siku ile sikufungua sanduku kutazama. Bahati alikuwa ananihimiza, jua lilikuwa linapanda. Nilimkumbatia shangazi, nikaondoka karibu nikikimbia. Nilishangaa tu kwamba vidole vyake vilikuwa vyekundu, na alikuwa anavikuna.

Chumba cha hadubini

Bwana Mkubwa alifungua sanduku mwenyewe. Akainua chupa ya kwanza kwenye mwanga wa dirisha. Akainua ya pili. Akanitazama.

Zilikuwa zimejaa. Zote! Vifaranga tele, urefu wa ukucha hadi kidole cha mtoto, wamebanana hadi shingoni mwa chupa, na katikati yao kipande cha jani la tete.

"Daftari lako linasema hakuna," akasema taratibu. "Chupa inasema wapo. Nimwamini nani?"

Nilikuwa naitazama ile chupa ya kumi na moja, ile kavu, isiyo na karatasi wala dawa. Nayo ilikuwa imejaa, na ilinuka. Hakuna mtu wa kwetu anayehitaji kuelezwa. Ukileta kapu kwa watu, halirudi tupu, litatiwa hata yai moja. Na machoni pa shangazi, mtoto wa kaka yake alikuwa anaondoka nyumbani kwake na vyombo vya maji matupu, kwenda kufukuzwa kazi.

Nikamwambia Bwana Mkubwa yote. Kwamba nina shangazi pale, kwamba sikusema, kwamba chupa nane zilikuwa maji matupu na shangazi ndiye aliyezijaza ili nisiaibike. Nilisema haraka haraka. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono imefumbatana.

"Nakuamini," akasema.

Nikavuta pumzi.

"Hawa si wale wadogo wanaochukuliwa na maji. Hawa wameshaweza kuogelea na kujificha matetini. Shangazi yako aliwapata wapi?"

Nami, mpumbavu mkubwa, nikamjibu kwa furaha ya mtu aliyeaminiwa. "Kwenye kokoro lake, bwana."

"Siku ngapi?"

"Asubuhi moja tu, bwana."

Akazitazama zile chupa kumi na moja. Akachukua kalamu, na hapo ndipo akili ikanirudia, nimechelewa: nilikuwa nimemwambia kwamba kokoro ndilo linalowazoa. Nikaanza kumweleza ya Masatu: maji baridi, utando wa kijani, kwamba waliozaliwa kwingine huletwa pale na shwari na huondolewa na upepo, kwamba mwakani huenda wakakulia ghuba nyingine kabisa, na ukifunga Nyamirongo umefunga mahali ambapo ziwa lilipita juzi.

"Maneno hayo yana akili," akasema. "Yaandike."

Niliandika mchana kutwa. Aliyasifu, akayatia katika faili, na juu yake akaweka amri ya kupiga marufuku makokoro Nyamirongo. Kisha akaniambia kwamba mtu anayesema kweli hata inapowagusa ndugu zake ndiye anayehitajika nchi inapobadilika. Mwezi uliofuata nilipandishwa, nikawa mkubwa wa chumba kile cha hadubini. Yeye akarudi kwao. Faili likabaki.

Nyamirongo tena

Nani atumwe kuisoma amri, kama si mimi niliyeijua njia? Safari hii lori halikuingia shimo. Dereva hakusimama kusalimia mtu. Pantoni ilikuwa inangoja Kigongo, mlango wazi, ziwa shwari na utando wa kijani umetanda kila mahali. Niliomba hata tairi ipasuke. Haikupasuka.

Niliisoma mbele ya jumbe, watu wakiwa wamekaa chini. Wengine walizomea. Masatu aliinuka akaenda zake bila kuniaga. Shangazi alingoja hadi watu wote walipotawanyika, tukabaki wawili mbele ya nyumba yake, kokoro limetundikwa kwenye miti likikauka.

"Walijuaje kuna vifaranga humu?" akauliza.

"Maji yalipimwa, shangazi." Ndivyo nilivyosema. Ninyi ni rafiki zangu, nawaambia: nilishindwa. Nilitaka kusema, ulimi ukakataa.

"Basi kama ni maji, si kosa la mtu." Alifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akakumbuka kitu, akanigeukia. "Na zile chupa zako? Sikukuambia, nilikutilia kidogo. Dawa yako iliniunguza vidole, lakini nikasema mtoto wangu hatatoka kwangu mikono mitupu. Hawakukufukuza?"

"Hawakunifukuza, shangazi."

"Walifurahi?"

"Walinipandisha cheo."

Alisimama. Akapiga kigelegele kirefu, hadi majirani wakatoka tena kuuliza kuna nini siku ya msiba kama ile, naye akawaambia, akinishika bega, kwamba mtoto wa kaka yake amekuwa mkubwa huko Mwanza. Wakaja mmoja mmoja kunipa mkono. Nami nilisimama palepale, karatasi ya amri ingali mkononi, nikapokea pongezi.